Mpishi Aliyemwogopa Mwandishi

Mpishi aliogopa milango. Sisemi milango ya nyumba yake, ambayo mchana kutwa ilikuwa wazi kwa kuku, majirani na ukungu. Aliogopa milango ya kwenye televisheni. Picha ikitulia juu ya mlango uliofungwa kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuuona mlango, alikunja vidole vya miguu ndani ya ndara zake na kusema kwa sauti ya chini, "Usifungue. Mama, usifungue." Na yule mwanamke wa kwenye tamthilia, ambaye hakuwa na namna ya kumsikia, akafungua.

"Umeona?" alinigeukia, kiganja kifuani. "Na nimemwambia."

Naomba nizieleze sheria zake mapema, kwa sababu bila hizo huwezi kumwelewa. Alikuwa ametazama vipindi vya jioni kwa miaka mingi hata akavijua kama mkulima anavyoyajua mawingu. Mtu anayekohoa mara moja tu mezani, wenzake wakiendelea kula, hatafika mwisho. Mtu anayesema "nikirudi tutaongea" harudi. Anayecheka peke yake dirishani amebakiwa na siku mbili. Mama akimtuliza bintiye mwenye hasira na kumvisha cheni yake ya shingoni, "huyo mama mchimbieni tu." Na familia nzima ikipiga picha pamoja, kila mtu akitabasamu, toa mmoja.

Shida ni kwamba hakuziacha sheria hizo ndani ya televisheni. Akienda shambani hakusema "nikirudi." Alisema "mimi huyo," akashika kikapu chake akaondoka. Binti yake aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alipokuja Krismasi na watoto, Mpishi alikubali kupigwa picha kwa sharti moja: mtu mmoja anune. Wajukuu walipokezana zamu ya kununa mwaka baada ya mwaka. Ukutani kwake kulikuwa na picha nyingi za furaha, na katika kila moja kulikuwa na uso mmoja uliokasirika pasipo sababu. Mgeni angedhani ni familia yenye ugomvi wa siri. Ilikuwa familia yenye bibi mwenye hofu.

Alikuwa mpishi wa shule yetu ya msingi kule Kibugu, juu, mahali mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa mlima unapoanza. Nilipohamishiwa huko kutoka Meru nilipanga chumba uani kwake, na nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kila mtu alimwita Mpishi, hata baada ya kustaafu, hata mchungaji alipomwombea kanisani. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Mwarimu, kwa matamshi ya kwao, na siku nikimuudhi aliniita "wewe Mmeru."

Jikoni shuleni nilijifunza jambo ambalo baadaye lilinigharimu. Mpishi hakuwa akifunua sufuria kuangalia kama githeri, yaani mahindi na maharagwe, imeiva. Aliinamisha kichwa karibu na mfuniko akasikiliza. Maharagwe mabichi, alinieleza, hugonga. Yakikaribia hunong'ona. Yakiiva hunyamaza, na mtu asiyesikia ukimya huo huunguza chakula cha watoto mia tatu. "Ukifunua kila saa unamfukuza mvuke," alisema. "Weka sikio. Sikio haliunguzi kitu."

Basi hata vipindi alivipima kwa maneno ya jikoni. Kulikuwa na tamthilia moja ya nje, iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya dada wawili wanaogombania nyumba kubwa ya marehemu baba yao. Aliipenda, ingawa midomo ya waigizaji ilimaliza kabla ya maneno. "Wanaongea kama watu wanaotafuna," alisema. Sehemu aliyoiweka juu ya zote ni ile ambayo dada mkubwa anangoja simu kutoka hospitali. Anaosha vyombo. Anavipanga. Anavishusha, anaviosha tena. Simu haipigwi, na sehemu inaisha.

Kesho yake tulikuwa kituo cha kupimia chai, wanawake wamepanga vikapu vya majani wakingoja lori, na wote walilalamika kwamba jana hakukuwa na kitu.

"Hakuna kitu?" Mpishi alishangaa. "Hiyo waliipika kwa kuni. Hizo zingine mnazosifu ni za gesi. Mwanamke ameosha kikombe kimoja mara nne! Mimi nilikuwa natetemeka hapa, hapa." Alijigusa chini ya mbavu.

"Sasa kuosha kikombe kunatisha nini?" aliuliza Karani. Huyu alikuwa mpimaji wa majani yetu pale kituoni, mwanamume mrefu wa kofia ya sufu, shabiki wa tamthilia ya polisi ya kila Ijumaa na mshindani wa Mpishi katika mambo hayo yote.

"Kwako wewe hakutishi. Wewe unapenda bunduki. Ile ya polisi yenu, mtu wa kwanza kutoa machozi ndiye mwizi. Hata mtoto wa darasa la pili anajua."

"Kwani unataka nini, Mpishi? Mwizi asishikwe?"

"Ashikwe. Lakini niogope kidogo kwanza. Mnampakua mtu kabla hajaiva."

Wanawake walicheka, na yeye akacheka pia. Vichekesho vya televisheni, kwa upande mwingine, havikumchekesha hata kidogo. Vicheko vya watu wasioonekana vilimkosesha raha. "Hao ni akina nani?" aliniuliza mara nyingi. "Wameketi wapi? Na wanamcheka huyu akianguka, hakuna hata mmoja anayekuja kumwinua?" Nilimweleza kwamba vicheko vile hurekodiwa, pengine zamani, na huwekwa baadaye. Nilidhani namtuliza. Alifikiri kidogo akasema, "Kwa hivyo wengine wao wameshakufa, na bado wanacheka," akainuka akabadilisha stesheni.

Taarifa ya habari aliiita tamthilia mbaya kuliko zote. Aliilaumu kwa kutomaliza. Mtu anaonyeshwa jioni moja, mafuriko yamechukua nyumba yake, amesimama na godoro kichwani, na kesho hayupo, wamehamia kwa mwingine. "Alilala wapi?" Mpishi aliuliza. Wiki nzima baadaye, katikati ya kuchambua mboga, aliuliza tena: "Yule wa godoro, Mwarimu. Alilala wapi?"

Sasa usije ukadhani alikuwa mtu mwoga. Asubuhi moja ndovu alitoka msituni, akavuka mtaro akaingia kwenye kabichi za shule. Sisi walimu tulijifungia ofisini, na sioni haya kusema kwamba mimi na mwalimu mkuu tulikuwa chini ya meza moja. Mpishi alitoka jikoni na mfuniko wa sufuria kubwa na mwiko wake. Alitembea, hakukimbia, akiugonga mfuniko na kumfokea yule mnyama kama anavyomfokea mtoto aliyeruka foleni. "Toka! Hizo ni za watoto! Huna msitu?" Ndovu alimtazama, akapepea masikio, akageuka. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwenye televisheni, paka aliruka kutoka juu ya kabati, na Mpishi akapiga kelele akakimbilia jikoni. Ikabidi nimwite, "Rudi, Mama, ni paka tu."

Nilimwuliza inakuwaje. Alinijibu bila kuona ajabu yoyote.

"Ndovu ana kichwa chake. Anaweza kuja, anaweza kugeuka. Mimi pia naweza kugeuka. Tunabishana. Lakini yule msichana wa tivii anachana nywele pale, na kuna mtu ameketi mahali na kalamu, ameshaandika kwamba Alhamisi huyu anakufa. Yeye hajui. Hata akikimbia, amekimbia kwa sababu imeandikwa akimbie."

"Na Mungu je? Si hata sisi ametuandikia?"

"Mungu utamwomba, na anaweza kubadilisha. Hezekia hakuongezewa miaka? Mungu simwogopi hivyo. Mimi namwogopa mwandishi."

Hofu ilipomzidi aliifunika televisheni. Ilikuwa na kitambaa chake cheupe cha kushona kwa mkono, ambacho mchana kilining'inia juu yake kwa urembo. Akiona mambo yanaelekea pabaya alinyanyuka, akakishusha mbele ya kioo, akarudi kuketi na kuendelea kusikiliza. Hakuzima kamwe. Tulikaa hivyo, watu wawili wazima tukitazama kitambaa, huku nyuma yake watu wakilia na magari yakigongana. Kwa njia hiyo alikuwa amejifunza muziki wa kila kipindi. Alijua muziki wa mtu anayefuatwa, muziki wa barua, muziki wa mtoto aliyepatikana. Alisema, "Hapo wamesameheana," akainua kitambaa, na kweli tuliwakuta wamekumbatiana.

Sikumbuki ni lini kitambaa kilianza kubaki juu siku zote. Nilidhani amezoea, na nilimpongeza kwa ujasiri. Najilaumu kwa hilo. Mtu anayefundisha sayansi anapaswa kujiuliza kwa nini jambo limebadilika kabla ya kulisifu.

Alianza kulalamikia ukungu. Mwanzo ilikuwa tamthilia ya nyumba kubwa. "Siku hizi wanapigia picha kwenye ukungu," alisema. "Wanataka tuogope kwa bei rahisi." Nilitazama, kulikuwa na jua kali kwenye kioo, na dada mdogo amevaa miwani ya jua. Nilidhani anatania. Mwezi mwingine ukungu uliingia kwenye ile ya polisi, kisha kwenye taarifa ya habari. Kibugu ni mahali pa ukungu. Huteremka kutoka msituni asubuhi, huingia madarasani, na mwezi wa saba unaweza kukaa siku tatu bila kumwona mbuzi wako. Ndiyo maana Mpishi hakushtuka, na ndiyo maana hata sisi tuliomzunguka hatukushtuka. Mtu wa pwani angeona dunia imefunikwa ukungu angekimbilia kwa daktari. Mpishi aliona kwamba televisheni hatimaye imefika kwetu. Jioni moja aliniambia kwa fahari, "Nafikiri hii wanaitengenezea huku juu. Angalia huo ukungu. Huo ni wetu kabisa."

Majani ndiyo yaliyogundua. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi, na pale kituoni kila mtu humwaga kikapu chake mezani ayakague kabla ya kupimwa. Cha Mpishi kilikuwa hakina haja ya kukaguliwa. Karani alikuwa akikitumia kuwafundisha wachumaji wapya. Siku hiyo alitia mkono akatoa jani gumu, kuukuu. Akatoa jingine. Akatoa kipande cha gugu la shambani.

"Mpishi," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani, "siku hizi unatazama tivii, au tivii ndiyo inakutazama?"

Wanawake walicheka, wakidhani ni yale yale. Mpishi aliyachukua majani yale mabaya mkononi, akayasogeza karibu na uso, karibu zaidi, mpaka yakagusa pua. Nilimwona akielewa. Vidole vya miguu vilijikunja ndani ya gambuti zake.

Nilimpeleka kliniki ya macho mjini. Daktari, kijana mpole, alimwangalia kwa tochi yake kwa muda mrefu. Mtoto wa jicho, alisema, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Nilimweleza Mpishi njiani, polepole, jinsi ninavyowaeleza watoto. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo kinachopitisha mwanga. Kioo hicho huzeeka kikawa cheupe, kama dirisha la jikoni lililopigwa mvuke. Daktari hukitoa, akaweka kipya. Jicho hutiwa ganzi, mtu halazwi usingizi, na kwa kawaida haichukui hata saa nzima. Kesho yake bandeji hutolewa.

"Na wakikosea?"

"Hawakosei, Mama. Usiogope."

Hilo ndilo neno nililolitumia kwa miezi miwili. Usiogope. Nililisema asubuhi nikichota maji na jioni nikiweka chai mezani. Tulipewa tarehe akaiacha ipite. Alisema ana mafua. Tukapewa nyingine. Wakati huo alikuwa amejimwagia maji moto mkononi, yeye ambaye alikuwa amepakua chakula cha moto maisha yake yote bila kovu. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mtoto wa jicho akizidi kukomaa, upasuaji nao huwa mgumu zaidi. Nilihesabu wiki peke yangu chumbani. Nilimwona akipita uani huku akishika ukuta, na niliona mahali ukuta unapoishia.

Na ilikuwepo tamthilia ya hospitali. Kila Alhamisi saa moja jioni aliketi karibu na kioo mpaka magoti yakakigusa, na mimi nikawa macho yake. Kazi yangu ilikuwa kumweleza picha. "Ameingia. Amevaa buluu. Ana barua mkononi, anaificha." Alinisifu. "Unaeleza vizuri kuliko wao wanavyoigiza," aliniambia, na nilifurahi kama mwanafunzi. Lakini kila mgonjwa aliyelazwa mezani mle alihesabu kuwa ni yeye. Akipona, Mpishi alikula vizuri. Akifa, nilimkuta kesho yake ameketi jikoni bila kuwasha moto, akisema, "Mwandishi huyo hapendi wazee."

Tarehe yetu ya pili ilikuwa Jumanne. Alhamisi kabla yake, kwenye tamthilia, walimlaza mzee mmoja mezani. Ilikuwa moyo, siyo macho, lakini nilijua hilo halitasaidia. Hakukuwa na maneno. Mashine ililia, kisha muziki ukaanza, kinanda peke yake. Kwenye kioo niliona daktari akivua glavu kidole kimoja kimoja. Niliona shuka likivutwa juu.

"Mwarimu, wanafanya nini?"

Niliiwaza Jumanne. Nilitazama ule mkono wenye kovu la maji moto.

"Amefungua macho," nilisema. "Anatabasamu. Mke wake ameingia, amemshika mkono."

Mpishi alisikiliza mpaka muziki ulipokwisha. Kisha alipapasa ukutani akazima. Sikuwa nimewahi kumwona akizima katikati.

"Hiyo kinanda," alisema, "si ya mtu aliyefungua macho."

"Mama..."

"Mimi nimesikiliza sufuria zilizofunikwa tangu kabla hujajua kusoma. Ulifikiri sitasikia?" Sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa. "Huyo mzee hata hayuko duniani, na umenidanganya juu yake. Sasa mimi, siku ile, nikiwa nimelala pale na nguo usoni, nikuulize wanafanya nini, wewe utaniambia nini? Utaniambia natabasamu?"

Ijumaa hakunifungulia. Jumamosi alipita na kikapu bila kuniita. Nilijua nimefanya nini. Mtu aliyekuwa akiingia gizani alikuwa na sauti moja tu ya kumwonyesha njia, nami nilikuwa nimeiharibu kwa sababu nilitaka atembee haraka.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata jikoni. Alikuwa akichambua maharagwe kwa vidole. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, na nikamweleza jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu yeyote Kibugu.

"Kwetu Meru nilikuwa na shangazi," nilisema. "Alikuwa na mtoto wa jicho kama wewe. Aliogopa, akakaa miaka. Alipokubali kwenda, mimi ndiye niliyempeleka. Mtoto wa jicho walimtoa vizuri. Lakini nyuma ya jicho kulikuwa na ugonjwa mwingine, presha ya jicho, na ulikuwa umeshaua mishipa ya kuonea zamani. Kesho yake muuguzi alipotoa bandeji, shangazi alikaa kimya. Halafu akasema, 'Basi fungueni.' Na ilikuwa imeshafunguliwa."

Vidole vya Mpishi vilisimama juu ya maharagwe.

"Ngai," alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. Baadaye kidogo akauliza, "Yangu, hiyo presha, walipima?"

"Walipima. Daktari alisema iko sawa. Lakini nyuma kabisa hawezi kuona vizuri mpaka mtoto atoke. Alisema ana matumaini. Hakusema ana hakika."

"Kwa hivyo inaweza kuwa kama ya shangazi yako."

"Inaweza. Sidhani. Lakini inaweza."

Nilingoja anifukuze. Aliokota jiwe dogo kati ya maharagwe, akalitupa mlangoni, akajifuta mikono kwenye leso.

"Sasa umeongea," alisema. "Miezi miwili unaniambia usiogope, usiogope, hakuna anayekosea, hakuna anayeumia. Kipindi ambacho hakuna mtu anayeumia, Mwarimu, hicho ni tangazo la sabuni. Nani anaweza kuamini tangazo?" Alisukuma sinia kwangu. "Nisaidie kuchambua. Jumanne tunaondoka saa ngapi?"

Sitaeleza sana Jumanne. Alivaa gauni lake la kanisani. Walipomwita aliniuliza naona nini, nikamwambia: wauguzi wawili, viti vitatu vya magurudumu, wazee saba kwenye foleni, mmoja analia kimya kimya. "Ni mwanamume?" "Ni mwanamume." Hilo lilimpa nguvu. Wakamchukua.

Asubuhi ya Jumatano waliwakalisha wagonjwa wote kwenye benchi moja ndefu wodini, kila mmoja na jicho moja limefungwa pamba na plasta. Muuguzi alianza upande wa kushoto. Mzee wa kutoka Gachoka alihesabu vidole vyake vyote, akaomba ahesabu na vya muuguzi, akacheka mpaka benchi likatikisika. Mama aliyemfuata alilia. Kisha ikawa zamu ya Mpishi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, nimeshika ukingo wa benchi.

Muuguzi alibandua plasta, akapangusa kope kwa pamba yenye maji. Jicho lilifunguka, jekundu, likitiririka.

"Cucu," alimwita, yaani bibi, "hivi ni vidole vingapi?"

Mpishi alikaa kimya.

"Cucu? Angalia mkono wangu. Vingapi?"

Kimya. Nilisikia wodi nzima, vikombe, viatu, mzee wa Gachoka akisimulia. Nilikuwa Meru tena, mkono wa shangazi ndani ya mkono wangu. Mdomo wangu ulisema wenyewe, kwa ile sauti yangu ya darasani iliyotulia, "Polepole, Mama. Usiogope."

Lile jicho jekundu lilikuwa limenielekea. Lilipanda, likashuka, likapanda tena. Aliinua mkono wake wenye kovu, akagusa katikati ya nyusi zangu, kisha shavu, kisha pembe ya mdomo, taratibu, kama mtu anayekagua jani.

"Mwarimu, huu ndio uso wako?"

"Ndio, Mama."

"Wakati wote huo ulikuwa unaniambia nisiogope, na uso kama huu?"

Nilijipangusa jasho usoni kwa kiganja.

"Vitatu," alimwambia muuguzi, akautazama ule mkono mara moja tu na kurudi kwangu. "Sasa mletee huyu mtu kiti, kabla hajaanguka."